Eti "hatari ndogo": programu ya kupanga hisa iliyonipeleka kwenye kampuni iliyofungiwa sokoni

Kabla hujailipia hii programu ya kupanga uzito wa hisa, yaani kila hisa ichukue asilimia ngapi ya pesa zako, ijaribu hivi: ingiza kwenye orodha yako hisa moja isiyouzika, kisha bonyeza "Boresha". Halafu njoo tuongee.

Mimi sikuwa najaribu chochote. Nilikuwa na hisa thelathini hivi, mojawapo ya kampuni ambayo soko limesimamisha biashara yake kitambo kwa sababu haitoi hesabu zake. Imenasa humo, siwezi kuiuza, basi nikaiingiza pamoja na zingine. Kigurudumu kikazunguka weee, mwisho ikaja chati ya duara ambayo zaidi ya nusu yake ni rangi moja. Asilimia 61 kwenye hisa hiyo hiyo iliyofungiwa! Na pembeni kialama cha kijani: "Hatari ndogo". Yaani hisa ambayo hata ukiigawa bure hujui pa kuipitisha, ndiyo niongeze!

Nikafungua jedwali la bei wanazotumia, nikaona uozo wenyewe. Siku isiyo na bei, programu inanakili bei ya mwisho. Kesho yake inanakili tena, na keshokutwa. Ukishuka na safu ile ni tarakimu ile ile mpaka chini. Sasa mashine inapima hatari kwa kuangalia bei inavyoyumba, na bei hii haiyumbi, wala haifuatani na hisa nyingine yoyote. Basi ikaona imeokota dhahabu. Nadhani kilichoizuia kumwaga kila kitu humo ni kwamba nilikuwa nimetaja kiwango cha faida ninachokitaka.

Hilo ningelisamehe. Programu ni programu. Nisichosamehe ni mtu wa huduma kwa wateja. Nilimwandikia kwa adabu, nikamwekea na picha ya skrini. Jibu: matokeo ni sahihi kihesabu, na ananishauri nisome mwongozo wao wa wanaoanza. Wanaoanza! Nikamwuliza tena, safari hii nikamzungushia ile safu ya bei kwa rangi nyekundu. Akanijibu kwamba programu yao imejengwa juu ya nadharia iliyopata Tuzo ya Nobel.

Ndugu yangu, hiyo Nobel naijua. Mwanauchumi Harry Markowitz alichapisha hoja yake ya kutawanya pesa kwenye hisa nyingi ili kupunguza hatari mwaka 1952, akapewa tuzo 1990 pamoja na Merton Miller na William Sharpe. Lakini katika makala ile ile ya 1952 alisema makadirio yanayoingizwa yachanganye takwimu na busara ya watu wanaoijua kazi. Busara hiyo iko wapi kwenu? Na mwaka 1989 mtaalamu wa uwekezaji Richard Michaud alishaonya kwamba mashine za namna hii hukuza makosa ya makadirio: hisa iliyokadiriwa vizuri kupita ukweli ndiyo inayorundikiwa pesa. Hicho ndicho kilichonikuta, neno kwa neno. Usinitajie Nobel wakati hujasafisha bei zako.

Sasa niseme haki, maana nikiwa na hasira huwa nachoma na vizuri. Kuna ukurasa unaoonyesha kila hisa inachangia kiasi gani katika hatari ya potifolio nzima, yaani hisa zako zote kwa pamoja. Huo ni mtamu. Nilikuwa na benki tatu, nikijiona nimetawanya; ukurasa ule ukanionyesha zinapanda na kushuka pamoja, na kwamba karibu hatari yangu yote inatoka kwao. Nilipoiondoa ile hisa mfu na kuweka ukomo wa asilimia 10 kwa kila hisa, mgawanyo uliotoka ulikuwa wa mtu mwenye akili timamu. Nikaanza hata kuwaza nyota tatu.

Kesho yake nikaifungua. Ukomo umerudi asilimia 100. Haihifadhi! Kila ukiingia, nenda "Mipangilio ya juu", shuka hadi chini kabisa, andika 10 upya, la sivyo inarundika tena kwenye hisa mbili tatu. Kwa usumbufu huo, bora kugawa sawa kwa sawa. Sisemi kwa hasira tu: mwaka 2009 watafiti DeMiguel, Garlappi na Uppal walipima mbinu 14 za kugawa pesa kwenye seti saba za data, na hakuna hata moja iliyoushinda mgawanyo wa sawa kwa sawa kila mahali. Na ule hauna ada ya mwezi.

Nyota mbili. Hapana, moja na nusu, hiyo nusu nimemkata yule wa mwongozo. Malipo nimeshayasitisha, ila akaunti sijaifuta. Kifurushi bado kina siku zake, na ule ukurasa wa hatari bado naufungua kila nikitaka kununua kitu.