TAHADHARI: Kikopo cha "grisi asilia" ya magobore, msinunue

Wenye magobore (bunduki za kushindiliwa baruti na risasi kwa mdomoni) mlioko Marekani, hasa mnaojiandaa na msimu wa kuwinda kwa gumegume, gobore la kuwashwa kwa jiwe, wa Pennsylvania unaofunguliwa baada ya Krismasi: kuna muuzaji anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na kikopo cha bati cha aunsi 2, dola 20, kisicho na orodha ya viungo. Grisi yenyewe ni ya njano na inanukia dawa ya kuchua misuli. Anadai inalainisha kitambaa cha kufungia risasi inaposhindiliwa, inazuia kutu bunduki ikiwa kabatini, inafaa pia mtutu wa raifo ya kisasa, tena "inakoleza chuma" hadi usihitaji kuosha mtutu kwa maji.

Madai hayo hayakai kikopo kimoja. Baruti nyeusi, ndiyo ya magobore, ni shura asilimia 75, makaa 15 na kiberiti (salfa) 10. Ikilipuka, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki gesi. Sehemu hutoka na moshi, sehemu hubaki mtutuni ikiwa masizi ya chumvichumvi. Masizi hayo hunyonya unyevu wa hewani, ndiyo maana mtutu usiooshwa hulala mzima ukaamka na kutu. Heri yake ni kwamba maji yanayaondoa. Yakichanganyika na grisi ya gari, ambayo huenda ndiyo iliyomo kikoponi, maji hayayapati tena: masizi yanakuwa kama lami, yamejaa kwenye mifuo (michirizi ya ndani) ya mtutu. Mlio wa kwanza na wa pili huoni kitu. Kufika wa nne au wa tano mdeki, ile fimbo ya kushindilia, unagoma na risasi inakwama njiani. Usifyatue ikiwa hivyo. Risasi isiyokalia baruti, ikaacha nafasi katikati, inaweza kuvimbisha mtutu au kuupasua.

Hilo la "kukoleza" limeazimwa jikoni. Kikaango cha chuma cha kusubu hupakwa mafuta kikachomwa kwa moto mkali. Mtutu wa feleji hauna vinyweleo vya kunywa grisi. Kinachoonekana kama ngozi nyeusi ndani yake ni masizi yaliyogandamana, na chini yake kutu inaendelea na kazi.

Wenye kikopo tayari, weka kiasi cha punje ya harage kwenye kijiko, kikalishe juu ya maji yanayochemka. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi, mafuta ya kondoo hata kabla ya hapo, na yote huwa maji maji angavu. Grisi ya kulainisha vyuma vya gari itabaki uji mzito. Vaselini itayeyuka, kwa hiyo ikiyeyuka usimpe muuzaji pongezi bado. Nusa, maana moto huifukuza ile harufu ya dawa na kinachobaki ni asali, nyama au gereji. Kisha sugua misumari miwili kwa msasa hadi ing'ae, paka mmoja, uache mwingine mtupu, iweke bafuni siku tatu. Ukiota kutu uliopakwa, grisi hiyo haizuii kutu, na huenda humo mna chumvi.

Si kila mafuta ya madini, yaani ya petroli kama grisi ya gari, ni adui, lakini. Ballistol, mafuta ya kutunzia bunduki, ni ya madini na inafaa, kwa sababu inachanganyika na maji ikawa kama maziwa, na maji yale yanalainisha masizi. Grisi ya gari haifanyi hivyo.

Kama umeshaitumia: hakikisha kwanza bunduki haina kitu. Tumbukiza mdeki mpaka chini, weka alama mdomoni, uutoe na kuulaza juu ya mtutu kwa nje. Alama ikiwa mdomoni, ncha lazima ifike karibu na tundu la moto. Ndipo upitishe vitambaa vyenye alkoholi ya asilimia 91 hadi vitoke bila weusi, osha kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, kausha, paka mafuta membamba ya kuzuia kutu. Siku ya kuwinda yafute yote kabla ya kushindilia. Baruti ikilowa mafuta, bunduki inagoma au inachelewa kulia. Ikigoma, elekeza mdomo mahali salama, ngoja dakika nzima.

Wa raifo ya kisasa ndio wanaodanganywa vibaya zaidi, kwani wanaambiwa wapake kabla ya kila risasi. Grisi mtutuni ni kizuizi na inapandisha shinikizo. Kwenye chumba cha risasi, ganda la risasi linashindwa kushika kuta na kishindo kikubwa zaidi kinarudi kwenye bolti, komeo linalofunga nyuma ya mtutu. Pitisha vitambaa viwili vikavu kabla ya kufyatua, basi.

Grisi ya kweli ya kitambaa: nta ya nyuki sehemu 1, mafuta ya zeituni 3 kwa uzito, yayeyushwe kwenye bakuli ndani ya sufuria ya maji, si juu ya moto wenyewe. Baridi ya Januari ongeza zeituni hadi 4, vinginevyo kitambaa kinakakamaa.

Muuzaji anataka Zelle (huduma ya kutumiana pesa benki kwa benki), au PayPal kwa njia ya "marafiki na ndugu". PayPal ya namna hiyo haina kinga ya mnunuzi, na ya Zelle kuirudisha ni kazi. Aliyelipa kwa kadi awahi benki yake kupinga malipo, akiwa na picha ya kikopo na maneno ya tangazo kabla halijafutwa.