Misuli imekaza: uchuliwe au ujinyooshe mwenyewe?
Umecheza mpira baada ya miezi kibao ya kukaa tu, kesho yake hata ngazi kushuka huwezi, mapaja yanauma balaa. Wengi wanasema ni asidi ya laktiki, ile msuli unayoitengeneza ukifanya kazi kwa nguvu, hapana jamani, ile inaondoka ndani ya saa moja au mbili hivi, haya maumivu ya kesho yake yanatokana na nyuzi za msuli kuumia kidogo kidogo, na yanazidi siku ya 1 mpaka ya 3.

Kunyoosha ni bure, sebuleni kwako, sekunde 30 kila mguu, na ukikomaa nako wiki kadhaa mwili unakuwa mwepesi kukunjika, ila kwa maumivu ya leo msaada wake ni mdogo sana.

Kuchuliwa ndo kuna nafuu ya haraka. Mkono ukikandamiza taratibu neva zinatulia, mwili unalegea, maumivu unayasikia kidogo. Halafu msuli unajua kuvuta tu, hausukumi, ndo maana inafanya kazi kwa jozi, wa mbele ya paja ukijikaza wa nyuma unalegea, kwa hiyo mi namwamini mchuaji anayegusa pande zote mbili, na asikubane mpaka utoe machozi.

Hela ikiwepo chuliwa siku mbili za kwanza, kunyoosha endelea nako baadaye. Ila kigimbi cha mguu mmoja kikivimba, kina joto na kinauma, usikichue kabisa, inaweza kuwa damu imeganda, wahi hospitali siku hiyohiyo.