Miaka tisa na mashine ya kulainisha maji: chumvi nilitia, kumbe resini ndiyo iliyochoka

Sabuni ndiyo iliyonishtua. Nilikuwa nimeshazoea povu la kumwaga, ghafla likaanza kugoma, na birika likarudi kuota ukoko mweupe chini. Nikafanya kile ambacho kila mwenye mashine hizi hufanya: nikatia chumvi. Wiki mbili baadaye nikatia tena. Ukoko haukujali.

Niseme mapema kwamba mashine yenyewe siilaumu. Miaka saba ya kwanza ilifanya kazi bila kunisumbua. Ninachokilaumu ni kijitabu chake, kinachohubiri chumvi kurasa kwa kurasa na kuigusia resini kwa mistari miwili, pamoja na muuzaji aliyeniapia kuwa resini "haiishi". Nilimwamini, nikalipia ujinga wangu.

Chumvi hailainishi maji. Kazi hiyo ni ya resini, yaani punje ndogo za plastiki zenye rangi ya asali zilizojaa kwenye mtungi mrefu, nyingi zikiwa hazifiki hata milimita moja. Ni polistirini iliyofungwafungwa kwa viungo vya divinilibenzini ili isilegee majini, na ndani yake mna sehemu zenye chaji hasi. Mimi naziona kama viti vya basi. Mwanzoni vyote vimekaliwa na sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi, kila mmoja na kiti chake. Maji magumu yakipita, kalsiamu na magnesiamu, madini yanayoyafanya kuwa magumu, hupanda. Hao ni abiria wanene, kila mmoja anataka viti viwili, na viti vyenyewe vinawapenda zaidi. Sodiamu mbili zinashuka, mnene mmoja anakaa, maji yanatoka laini. Viti vikijaa wanene, mashine inapitisha maji makali ya chumvi. Sodiamu zinaingia kwa wingi wa kupindukia, wanene wanasukumwa nje hadi kwenye mfereji wa maji machafu, safari inaanza upya. Sasa viti vikivunjika, hata ulete abiria magunia kumi, watakaa wapi?

Kilichonichelewesha kugundua ni hiki: mashine yangu huhesabu lita, haionji maji. Ina lita 25 za resini, maji yangu yana ugumu wa miligramu 300 hivi kwa lita, kwa hiyo fundi aliitega ijioshe kila baada ya lita 4,000, ambazo kwetu ni kama wiki moja. Resini ilipopungua nguvu, mashine haikujua. Iliendelea kungoja lita zake 4,000 huku maji yakiwa yameshakuwa magumu katikati ya juma. Ndiyo maana siku mbili za kwanza povu lilikuwa zuri, nikawa najiambia labda ni mimi tu.

Mwishowe nikanunua matone ya kupimia ugumu wa maji. Ukiyatia rangi yake, maji magumu hugeuka mekundu, kisha unadondosha tone moja moja ukihesabu hadi yawe ya bluu. Kwenye kifaa changu kila tone ni kama miligramu 17 kwa lita. Maji ya bomba kabla ya mashine: matone 18. Asubuhi baada ya mashine kujiosha: bluu moja kwa moja, bila hata tone. Siku ya tatu: matone 2. Siku ya tano: 11. Kama ungenipa ushauri mmoja tu miaka ile, ningeomba huu: pima siku za mwisho kabla ya mashine kujiosha, si asubuhi yake.

Fundi wa kwanza alisema ni kutu, akaniuzia dawa ya asidi ya kuoshea resini. Dawa hiyo ni ya kweli, maana madini ya chuma hujipaka kwenye punje na kuzifunika, na yakiondolewa resini inaweza kufufuka. Ila maji yangu hayana chuma cha kutajika. Yana klorini, na klorini ni ugonjwa mwingine kabisa.

Fundi wa pili, kijana mpole, hakuongea sana. Alifungua valvu ya juu, akachota punje kiganjani. "Mama, hebu shika." Nikabana punje moja kwa vidole viwili, ikapondeka kama ute. Akanipa mpya kutoka mfukoni mwake: ngumu, inateleza, haipondeki. Klorini hukata vile viungo vinavyoifunga plastiki, punje inanywa maji, inavimba, inalegea, mwisho inamomonyoka. Vipande vingine huoshwa nje, vingine vinabaki vikiziba njia. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini shawa ilikuwa inatoa maji kwa kunung'unika. Nilikuwa nimeshabadilisha shawa nzima!

Punje zilizofika hapo hazina dawa. Tuliondoa zote, na niwaonye: punje zikimwagika sakafuni ni gololi, na miguu yangu ni shahidi. Tulijaza mpya bila kufikisha juu, kwa sababu mashine inapojisafisha kwa kusukuma maji kutoka chini, resini huinuka na inahitaji nafasi. Nilichagua yenye viungo asilimia 10 badala ya 8 ya kawaida; ni ghali zaidi lakini inaihimili klorini vizuri zaidi. Kichujio cha mkaa kabla ya mashine kingeondoa klorini yenyewe, ila nacho hubadilishwa, na maji yasiyo na klorini yakilala mtungini bakteria hufurahi. Mimi nimekiacha kwanza.

Wengi husema resini hudumu miaka 10 hadi 15. Yangu haikufika, na kwa maji yenye klorini nyingi sishangai. Mashine naipa nyota nne, kijitabu moja.

Jana ilikuwa siku ya sita tangu ijioshe. Nilidondosha rangi kwenye kichupa, maji yakawa ya bluu papo hapo.