Tarehe ya saa: stika au karatasi ya kuhamisha?

Unataka gurudumu la tarehe la saa yako ya springi, yaani kile kisahani chenye tarehe 1 hadi 31 kinachozunguka chini ya uso wa saa, liwe na tarakimu za Kiarabu (١, ٢, ٣)? Nyumbani kuna njia mbili.

Stika ni rahisi. Duka la uchapishaji mjini litakuchapia, wewe unakata duara na kubandika. Taabu ni unene: kati ya gurudumu na uso wa saa nafasi ni finyu mno, na stika ikigusa tu, tarehe inakwama, pengine na saa yenyewe ikasimama usiku wa manane. Joto letu la Pwani nalo hulegeza gundi, kingo zikainuka.

Karatasi ya kuhamisha, ile unayoilowesha mpaka utando wake uteleze, ni nyembamba zaidi. Mimi naipendelea, japo inataka subira. Tumia printa ya leza. Wino wa kawaida huchujuka majini usipopuliziwa vanishi kwanza. Tarakimu nyeupe juu ya gurudumu jeusi zisahau, maana printa hizi kwa kawaida hazina rangi nyeupe. Kisha utando ukauke kabisa kabla hujafunga saa. Unyevu wa Mombasa si wa mchezo.

Hesabu ni ileile kote: 360 gawanya kwa 31, yaani nyuzi 11.61 hivi kwa kila tarehe. Usikadirie kwa jicho.