Virutubisho vya Viungo kwa Mbwa Anayekimbia: Kipi Nanunua, Kipi Naacha Dukani

Habari zenu, wapenzi wa mbwa. Leo mezani nina makopo manne, na swali ambalo mmeniuliza sana: mbwa wangu anakimbia kila siku, nimpe nini viungo vyake visichakae mapema? Nitawaambia nanunua kipi, naacha kipi, na sababu zake. Ila makopo hatuyafungui bado.

Mbwa anayechechemea huku kwetu, usikimbilie kusema ni viungo. Shika unyayo wake kwanza. Panua vidole kimoja kimoja, tazama katikati: mwiba, kipande cha chupa, funza aliyejichimbia pembeni mwa ukucha. Halafu pitisha mkono masikioni, kwapani na kinenani, utafute kupe. Homa ya kupe, hasa ile ya vimelea vya Ehrlichia, inaweza kumvimbisha mbwa viungo hadi atembee kama kikongwe, huku chakula hataki na fizi zimempauka. Huyo anahitaji kupimwa damu na kupewa dawa na daktari wa mifugo. Ukimpa vidonge vya viungo, unampotezea siku anazozihitaji kupona. Na yule aliyekuwa anakimbia vizuri, ghafla akalia, akanyanyua mguu wa nyuma na hataki kuukanyagia, inawezekana kano ya goti imekatika. Naye mpeleke leo, usisubiri kesho.

Kwa hiyo video hii ni ya mbwa ambaye daktari ameshamkagua, akasema viungo vimeanza kuchakaa: nyonga, goti, kiwiko. Mbwa wa namna hii utamjua asubuhi. Anainuka kwa miguu ya mbele, ya nyuma inafuata kwa kujivuta, hatua za mwanzo ni ngumu, akishapata joto anatembea kama hana tatizo. Jioni baada ya mbio, akilala kidogo tu, ukakamavu unarudi. German Shepherd ni miongoni mwa mbwa wanaosumbuliwa sana na nyonga, na ndio tunaowafuga wengi kwa ulinzi, ndiyo maana nalisisitiza hili.

Haya, kopo la kwanza. Glukosamini na kondroitini, viambato vinavyopatikana kwenye gegedu la viungo. Hivi ndivyo vilivyozoeleka kuliko vyote, na duka lolote lenye bidhaa za mbwa litakupa hivi kwanza. Cosequin DS, kwa mfano, ile ya kutafuna, ina miligramu 600 za glukosamini na 300 za kondroitini kwa kidonge. Lebo imeandikwa vizuri, kila kitu kimetajwa kwa kiasi chake, na mbwa wengi hawapati madhara zaidi ya tumbo kuchafuka kidogo. Shida ni kwamba kazi yenyewe haionekani. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Montréal, Kanada, walikusanya tafiti zilizofanywa kwa mbwa na paka wenye viungo vilivyochakaa, wakazipima kwa pamoja. Kwa glukosamini na kondroitini walisema waziwazi: hazipunguzi maumivu, na wakashauri zisiendelee kutolewa kwa kazi hiyo. Mimi fedha yangu siiweki hapo. Kama tayari unalo kopo nyumbani na daktari hana pingamizi, limalize. Jipya usinunue.

Kopo la pili ni kome wa midomo ya kijani kutoka New Zealand, ndiye aliyemo kwenye YuMOVE ya Uingereza. Anakuja kama unga ndani ya kidonge, na harufu yake mbwa wanaipenda sana. Ushahidi wake ni wa wastani: baadhi ya tafiti zinaonyesha nafuu, nyingine haionekani. Kizuri ni kwamba kome ana omega-3, yale mafuta yaliyomo pia kwenye samaki, ndani yake, kibaya ni kwamba kwa mbwa mkubwa kiasi hicho ni kidogo mno. Kolajeni ya aina ya pili isiyopikwa, yaani protini ya gegedu, kopo la tatu, inatolewa kiasi kidogo sana, miligramu 40 kwa siku, na ina tafiti chache zenye matumaini. Hizi mbili siwakatazi. Ni za mtu ambaye ameshapanga bajeti ya hiki kinachofuata na bado ana akiba.

Sasa tukae hapa. La nne, mafuta ya samaki. Katika uchambuzi ule ule wa Montréal, omega-3 ndiyo iliyoonyesha nafuu ya wazi kwa maumivu ya viungo. Lakini hapa ndipo watu wengi wanapoibiwa bila kujua, kwa hiyo naomba mtazame kwa makini ninachokifanya. Chupa hii mbele imeandikwa kwa herufi kubwa: 1,000 mg. Naigeuza. Nyuma, kwa maandishi madogo, omega-3 zenyewe: EPA 180, DHA 120. Jumla 300. Zile 700 zilizobaki ni mafuta mengine tu. Kinachofanya kazi kwenye kiungo ni EPA na DHA, basi unaponunua hesabu hizo mbili peke yake. Na kama chupa haikutaja EPA na DHA kwa miligramu, irudishe kwenye rafu, hata kama ina picha nzuri ya mbwa anaruka.

Kiasi gani? Kipimo ambacho madaktari wa mifugo hukitumia kwa mbwa mwenye viungo vilivyochakaa, kwa EPA na DHA pamoja, ni kama miligramu 1,750 kwa siku kwa mbwa wa kilo 10. Kilo 20, kama 2,900. Kilo 30, karibu 4,000. Mnaona kwamba uzito ukiongezeka mara tatu, kipimo hakiongezeki mara tatu, kwa hiyo msijipigie hesabu ya kuzidisha. Jasiri wangu, huyu aliyelala hapa nyuma, ana kilo 30. Kwa chupa hii ya kawaida angehitaji vidonge 13 kila siku. Kumi na vitatu! Ile chupa iliyoonekana ya bei nafuu inaisha ndani ya wiki chache. Ndiyo maana nawaambia nunueni mafuta yaliyokolezwa, yenye miligramu 600 au zaidi za EPA na DHA kwenye kidonge kimoja, au ya maji yenye pampu. Kopo ni ghali, lakini gawanya bei kwa miligramu unazopata, utaona mwenyewe.

Hicho ni kipimo cha juu, karibu na mwisho wa usalama, na ni cha mbwa mgonjwa. Mwambie daktari kabla. Anza na robo yake, changanya na chakula, panda polepole kwa wiki tatu au nne. Akianza kuhara, rudi nyuma. Kama ana upasuaji unaokuja, daktari lazima ajue, kwa sababu omega-3 nyingi inaweza kuchelewesha damu kuganda. Na chupa ikishafunguliwa iweke kwenye friji. Mafuta yakinuka uozo, mwaga.

Mafuta ya ini la samaki, yale tunayowapa watoto kwa kijiko, hayafai kwa kipimo hiki. Yana vitamini A na D nyingi, na kabla hujafikia omega-3 unayoitaka utakuwa umeshamzidishia mbwa vitamini. Kuhusu dagaa, najua wengi mnachanganya na ugali wa mbwa, na ni chakula kizuri cha protini. Endeleeni, mkiondoa mchanga na chumvi. Lakini dagaa waliokaushwa juani wanapoteza sehemu ya mafuta hayo, kwa hiyo msiwahesabu kama dawa.

Virutubisho vya binadamu vya kutafuna vyenye utamu, angalieni kama kuna xylitol, kitu cha kutia utamu badala ya sukari. Hiyo ni sumu kwa mbwa, inashusha sukari ya damu haraka na inaweza kuua ini. Na naomba sana, sana: diklofenaki na ibuprofeni za nyumbani msimpe mbwa. Zinaweza kutoboa tumbo na kuharibu figo. Panadoli pia msimpimie wenyewe. Daktari ana dawa za maumivu za mbwa, kama carprofen na meloxicam, na anajua kiasi.

Kuna kitu kimoja kinachoshinda makopo yote manne, nacho hakiuzwi. Weka viganja ubavuni mwa mbwa wako. Mbavu unazisikia bila kubonyeza? Ukimtazama kutoka juu, kiuno kinaonekana? Kama hapana, amenenepa. Purina, kampuni ya chakula cha mbwa, walifuatilia Labrador 48 kwa maisha yao yote, jozi kwa jozi, mmoja akila robo pungufu ya mwenzake. Matokeo yalichapishwa mwaka 2002: nusu ya waliokula kidogo walifika miaka 13 au zaidi, kwa wenzao ilikuwa 11.2, na nyonga za waliokula kidogo zilichelewa kuharibika. Kwa hiyo unapoanza mafuta ya samaki, punguza ugali, maana mafuta nayo yananenepesha.

Kwa mbwa mzima asiye na maumivu, anayekimbia na wewe kila asubuhi: hakuna kopo hapa lililothibitishwa kuzuia uchakavu. Mpunguzie lami, mkimbize kwenye udongo na nyasi, mchunge uzito.

Ukishaanza, usitegemee macho yako peke yake. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba wenye mbwa, na hata madaktari, huona nafuu ambayo kipimo cha nguvu ya mguu hakioni. Tunawapenda, tunataka wapone. Basi leo kabla ya dozi ya kwanza, mrekodi kwa simu akiinuka asubuhi na akipanda ngazi. Baada ya wiki nane mrekodi tena, saa ile ile, ngazi zile zile, halafu mpe video zote mbili mtu asiyejua ipi ni ya lini. Akishindwa kutofautisha, usinunue chupa nyingine. Rudini kwa daktari mkiwa na video hizo.