Mtandao wa gemu ulizima, kampuni ikaninyamazia

Nina banda la gemu Ng'ong'ona, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM). Mashine mbili, pedi nne, mechi moja sh. 500. Jumamosi ndiyo siku inayonilipia kodi ya chumba.

Jumamosi hiyo, saa tisa alasiri, mashine ya pili iligoma. Kila gemu niliyonunua mtandaoni ilikuwa na alama ya kufuli. Ukibonyeza, unapata namba za hitilafu na maneno ya kukutaka ujaribu tena baadaye. Mashine ya kwanza ilikuwa inacheza kama kawaida, na hapo ndipo nilipopotea. Moja ikiwa nzima na nyingine imegoma, unajua tatizo ni lako.

Vijana wawili wa mwaka wa kwanza walishalipia mechi tatu kila mmoja. Mmoja akanigeukia: "Bro, au bando limekata?" Nikazima rauta, nikawasha. Nikanunua bando jingine kwenye simu nikairushia mashine. Kufuli liko palepale. Nikafungua ukurasa wa kampuni unaoonyesha hali ya huduma zao: kijani mwanzo mwisho, kila kitu shwari. Nikampigia fundi wa Majengo, akasema, "Kaka, futa vyote uanze upya." Kidole kilikuwa tayari kwenye kitufe cha kuthibitisha, simu ikaita. Mdogo wangu, yuko Mwanza: "Na kwako kumezima?"

Ningefuta, nisingeweza kuingia kwenye akaunti mpaka mtandao urudi, na ligi ambazo wateja wamezijenga kwa miezi, zilizohifadhiwa ndani ya mashine ile, zingepotea. Hilo bado linaniuma.

Baadaye kijana anayesoma kompyuta pale chuoni ndiye aliyenieleza. Gemu ya kununua mtandaoni inafungwa kwenye akaunti yako. Mashine uliyoisajili kuwa ya nyumbani inaifungua hata bila intaneti. Ya pili lazima kwanza iulize seva, yaani kompyuta kuu za kampuni, kama una haki ya kucheza. Seva zikizima, haipati jibu, inakufungia. Maelezo ya dakika mbili, na waliochukua pesa yangu hawakunipa.

Wao walitoa taarifa yao ya kwanza zilipopita karibu saa tatu. Sentensi moja: baadhi ya watumiaji wanapata shida. Shida gani, itachukua muda gani, mtu afanye nini au asifanye nini, hakuna. Kukawa kimya mpaka kesho yake mchana, huduma iliporudi, wakatushukuru kwa uvumilivu. Sababu hawajaitaja hadi leo.

Sidai mitambo isiharibike. Roblox, jukwaa la gemu za mtandaoni, Oktoba 2021 ilizima kwa saa 73, na Januari 2022 wenyewe wakatoa maelezo marefu ya kiufundi: nini kiliharibika na kwa nini kilichukua muda wote huo. Mtu ukisoma unaona umeheshimiwa. Kinyume chake ni mwaka 2011, mtandao wa PlayStation ulipozimwa Aprili 20. Wateja walikuja kuambiwa tarehe 26 kwamba taarifa zao zimeibwa, akaunti kama milioni 77. Siku zote hizo mtu anaendelea kutumia kwenye barua pepe neno la siri lilelile alilosajilia gemu. Ndiyo maana kimya kwangu si jambo dogo.

Hapa mtaani maji yakitaka kukatwa, anayejua anapita kwa majirani: leo mpaka jioni, jazeni ndoo. Sentensi kama hiyo tu ningeipata saa tisa na nusu, ningeweka gemu za diski, maana zile hazikuwa na shida, na biashara ingeendelea.

Mashine yenyewe naipa nyota nne kati ya tano: picha safi, pedi zinavumilia mikono ya wanafunzi. Mawasiliano ya kampuni, nyota moja. Kwa mashine ya pili sasa nanunua diski tu, japo bei imesimama. Wale vijana niliwarudishia sh. 3,000 yao jioni ileile, na bado niliwaomba radhi kwa kosa ambalo sikulifanya.