Raynox DCR-250 mkononi: majimoto wa Muheza kwa karibu

Watazamaji wapenzi, karibuni. Kilichomo kiganjani mwangu ni Raynox DCR-250, lenzi ndogo inayobanwa mbele ya lenzi uliyo nayo ili kukuza vitu vidogo. Nguvu yake ni dayopta 8, dayopta ikiwa kipimo cha nguvu ya lenzi.

Ninachotaka mkione ni hiki kibanio. Nabonyeza masikio haya mawili, naweka, naachia: imeshika. Juu ya mchungwa huu wa Muheza, mkoani Tanga, majimoto, sisimizi wanaojenga viota vya majani, wamevuta majani pamoja na kuyashona kwa hariri ya mabuu wao. Nimekwisha kupiga kiota kizima kwa lenzi ya kawaida, na sasa, bila kufungua kamera na kuiingiza vumbi, namfuata askari mmoja anayelinda ukingo wa jani. Anayetegemea mirija ya kurefusha lenzi, ile inayowekwa kati ya kamera na lenzi, angekuwa bado ana lenzi kwapani, na majimoto hawamngojei mtu. Huyu mmoja ameshapanda kwenye kifundo cha mkono wangu, na anauma kweli kweli.

Fokasi ya lenzi yako ikiwa mbali kabisa, kwenye zumu ya milimita 125 mdudu anaangukia kihisi cha kamera kwa ukubwa wake halisi, na kwenye 250 anakuwa maradufu, huku umbali kati yenu ukibaki takribani sentimita 12 na nusu. Zumu ikiwa fupi, pembe za picha huwa nyeusi, jambo linaloniudhi, ingawa haliniudhi kama vile vioo vya kukuzia vya bei chee vya kipande kimoja, ambavyo huacha rangi ya zambarau kwenye kila unywele wa mdudu.

Ugumu uko kwenye fokasi. Katika ukuzaji wa mara mbili, hata kwa tundu la lenzi lililofinywa hadi f/11, kina cha sehemu inayoonekana vizuri hakifiki milimita moja, kwa hiyo zimeni fokasi ya kujiendesha. Tazameni mkono wangu wa kushoto: umeshika kijiti, na lenzi imelala juu ya kifundo cha mkono huo huo, hivyo upepo wa kusi ukivuma, mdudu na kamera vinayumba pamoja. Kisha nasogeza kiwiliwili polepole mbele na nyuma, na jicho la mdudu likikolea tu, nabonyeza. Flashi ya nguvu ndogo huwaka kwa muda mfupi kuliko sehemu moja ya elfu ya sekunde, nayo ndiyo inayozuia mtikisiko. Iwekeeni karatasi nyeupe pana mbele yake, la sivyo mgongo wa mdudu utang'aa vibaya. Flashi nitaichambua peke yake katika video ijayo.

Kuhusu bei, ni sehemu ndogo tu ya bei ya lenzi halisi ya makro, yaani ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, na kwa anayejifunza naiona inastahili. Ila kibanio hushika lenzi ambayo uzi wake wa mbele una kipenyo cha milimita 52 hadi 67; mwenye lenzi ya 72 atafute kwanza pete ya kupunguza kipenyo.